Ukakasi

Unga huu ni mwekundu kama tofali lililosagwa.
Ukiuonja ulimi unajikunja,
kinywa kizima kinakauka
kama umeng'ata ndizi mbichi kwa ubishi.
Yanina wa kituo cha utafiti huupima kwa kijiko cha bati,
anaandika, anafuta, anaandika tena.
"Usizidishe," huniambia.
"Ukizidisha watasusa pumba, na maziwa yatashuka."
Nikacheka. Ng'ombe wangu hawajui kususa.
Siku ya tatu Golondrina akasusa,
akanitazama kama mkwe aliyeandaliwa uji usio na sukari.

Hapa ni Kilomita Sitini na Mbili.
Reli iling'olewa, namba ikabaki.
Hatukupewa jina la mtakatifu wala la jemadari,
tuliitwa kwa umbali wetu kutoka bandarini,
kama mzigo.

Babu yangu Eleuterio alikuwa mkata miti.
Mti wenyewe ni kebracho, maana yake mvunja-shoka,
na babu aliacha mashoka matatu yenye mapengo
kuwa mashahidi.
Magogo yalikwenda kiwandani, yakachanwa, yakachemshwa
hadi yakatoa maji ya rangi ya damu iliyolala,
na maji yale yakavuka bahari kwenda kukomaza ngozi:
buti za askari, matandiko ya farasi, mikoba ya mabibi.
Babu alilipwa vibati vyenye nembo ya kampuni,
vilivyokubaliwa na duka moja tu duniani,
la kampuni.
Siku msitu ulipokwisha
walifunga mlango wakaondoka na ufunguo.
Kibati kimoja ninacho bado.
Nimekichomeka kwenye mlango wa zizi
usigongegonge usiku.

Na sasa ukakasi ule ule unamrudia ng'ombe,
safari hii angali hai.
Zamani ulimngoja afe, uishike ngozi yake isioze.
Leo unapita kooni pamoja na pumba
hadi tumbo la kwanza, kwenye giza na joto,
ambako vijidudu visivyo na macho
vinapika nyasi na kufukiza gesi.
Yanina anasema haviuawi.
Vinakabwa kidogo tu.

Jirani yangu Basilio hudhani gesi hutokea nyuma.
Kila mtu hudhani nyuma, na kila mtu hucheka.
Ni mdomoni, Basilio. Ni mbweu,
mbweu wa adabu kabisa,
wa mgeni aliyeshiba kwa shangazi yake.
Unapanda, hauonekani, haunuki,
unakwenda kukaa angani
na kulikumbatia joto lisipate njia ya kutoka.

Siku tano Golondrina alivaa hatamu yenye mrija puani
na kopo la chuma shingoni,
akatembea malishoni kama mzamiaji aliyepotea bahari.
Yanina akayachukua makopo, akaenda nayo mjini.
Wiki ya sita akarudi, viatu vimejaa tope.
"Imepungua?"
"Imepungua."
"Sana?"
Akainamisha kichwa. "Kwa hawa kumi na wanne,
kwa kiangazi hiki. Labda."
Nimesikia ahadi nyingi katika nyumba hii.
Hiyo labda yake niliiamini kuliko zote.

Usiku niligeuza gunia nikasoma maandishi ya nyuma.
Mti ni ule ule, umekatwa magharibi zaidi,
huko ambako bado uko.
Sikulala vizuri.
Dunia nzima ikitaka unga huu
ni babu wa nani atakayepewa shoka?

Kando ya kisima umeota mche, mwembamba kama kidole.
Sikuupanda mimi. Ndege, au upepo, au deni.
Nimeuzungushia waya.
Golondrina ananyoosha shingo juu ya waya,
ulimi nje, anautaka kwa hiari yake,
yeye aliyesusa pumba!
"Ngoja," namwambia. "Huu hukua kwa miaka mia."
Anatafuna utupu, ananitazama,
ananijibu kwa mbweu.